Mashine ya mwendo wa daima imegoma: dalili, vipimo na vyanzo

Umeunda gurudumu lenye mikono inayokunjuka, ukalisukuma kidogo, likazunguka, likasimama. Au umeunganisha mota na dainamo ili moja imlishe mwenzake, na taa ikafifia kabla hujamaliza kutabasamu. Au mashine yako haijasimama bado, na hilo ndilo linalokunyima usingizi. Mwongozo huu unaanzia pale unapoanzia wewe, yaani kwenye kile unachokiona mezani. Tafuta dalili inayofanana na yako, fanya kipimo, kisha soma chanzo.

Nitangulize jambo moja ili tusidanganyane. Fundi wa redio akigundua kapasita imekufa, anaitoa, anaweka nyingine, na redio inaimba. Hapa ukiipata hitilafu, mashine haitapona. Utakachopata ni kujua hesabu yako iliruka mstari wapi. Na kwa uzoefu wa karne nyingi za watu wenye akili sana, mstari unaorukwa karibu kila mara si ule wanaoushuku. Wengi wanashuku msuguano. Msuguano una makosa yake, lakini kwa shtaka hili hana hatia.

Kabla hujashika bisibisi

Chora kwenye karatasi mstari unaoizunguka mashine yote, kama ua unavyozunguka boma. Kila kinachovuka mstari huo kiandikwe: waya, mkanda, mwanga, hewa yenye joto, hata mkono wako uliolisukuma gurudumu mara ya kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nishati yenyewe haipotei, ila bila daftari utaiona inazuka mahali ambapo haikuzuka.

Kisha tambua mzunguko mmoja kamili wa mashine yako ni upi. Mzunguko umekamilika pale kila kitu kinaporudi kilivyokuwa: kila uzito mahali pake, kila springi na urefu wake, maji katika kimo chake, betri na chaji yake ileile. La betri ndilo husahaulika kuliko yote. Kama kuna kitu hata kimoja hakijarudi, bado hujamaliza mzunguko, na unachokiita faida ni deni ambalo mwenyewe hajaja kulidai.

Mwisho jiulize unadai nini hasa. Mashine ya aina ya kwanza hutoa nishati kuliko inayoingia, na inagongana na kanuni ya kwanza ya themodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika sura tu. Mashine ya aina ya pili ni janja zaidi. Haizui nishati, inachota joto kutoka mahali pamoja, tuseme bahari, na kuligeuza lote kuwa kazi. Hiyo inagongana na kanuni ya pili. Wapo pia wanaosema, "Langu halitoi chochote, linazunguka tu bila kukoma." Hao nitawafikia.

Dalili: linazunguka vizuri, linapungua kasi, linasimama

Hii ndiyo inayowapeleka watu dukani kununua beringi ghali. Beringi zinabadilishwa, mafuta mepesi yanatiwa, na gurudumu lililokuwa likizunguka dakika mbili sasa linazunguka dakika kumi. Mwenyewe anapiga hesabu kwamba akiendelea hivyo atafika.

Kipimo: lisimamishe kabisa, liachie bila kulisukuma, ukae ulitazame. Kama haliondoki lenyewe na kuongeza kasi, unachokimiliki ni flaiwili, yaani gurudumu la kuhifadhia mwendo. Flaiwili ni ghala tu, haina shamba. Chukua diski ya kilo 10 yenye nusu kipenyo cha sentimita 30, izungushe mara 120 kwa dakika. Ndani yake kuna juli 35 na ushee (juli ni kipimo cha nishati). Taa ya wati 5 itazila kwa sekunde saba. Hizo juli 35 zilitoka begani mwako uliposukuma.

Sasa tuondoe msuguano wote kwa kudhania tu. Gurudumu linaelea juu ya sumaku, ndani ya chombo kisicho na hewa. Litazunguka muda mrefu mno. Lakini siku utakapoliomba liwashe taa, litakupa juli 35 na kusimama. Msuguano ukiondoka wote, mizania inasoma sifuri. Na anayetaka mashine ya kumfanyia kazi hatafuti sifuri. Kwa hiyo kila saa unayotumia kupunguza msuguano inakusogeza kwenye sifuri ukitokea upande wa hasara, na mstari wa faida uko ng'ambo ambako beringi hazifiki.

Dalili: gurudumu lenye mikono au zebaki linayumbayumba, kisha linatulia mahali palepale

Ugonjwa huu una umri. Mwanahisabati wa India, Bhāskara, alieleza karibu mwaka 1150 gurudumu lenye vijiti vilivyojazwa zebaki nusunusu. Karne iliyofuata Villard de Honnecourt wa Ufaransa alichora gurudumu la nyundo zinazoning'inia. Wazo ni lilelile hadi leo: upande unaoshuka uzito uwe mbali na ekseli, upande unaopanda uwe karibu. Wenzo mrefu ushinde mfupi, gurudumu lizidi kuelemea upande mmoja milele.

Mchoro unavutia kwa sababu macho hutazama urefu wa mikono na kusahau kuhesabu mikono. Hebu hesabu. Upande ulionyooka una mikono michache iliyo mbali; upande uliokunjwa una mikono mingi iliyo karibu. Zidisha kila uzito kwa umbali wake kutoka mstari wima unaopita kwenye ekseli, jumlisha kila upande. Patakuwa na mkao ambapo pande zinalingana, na hapo ndipo gurudumu linapotulia. Kama linatulia palepale kila mara, usilaumu kutu. Hapo ndipo kitovu cha uzito kiliposhuka chini kabisa kadiri kinavyoweza.

Kipimo kizuri zaidi: funga mizani ya springi ukingoni na ulizungushe gurudumu polepole, raundi nzima, ukiandika kani kila baada ya nyuzi kumi. Kuna sehemu gurudumu litakuvuta, kuna sehemu utalivuta. Jumlisha. Kilicho juu ya sifuri kitafutwa na kilicho chini, na ukikuta tofauti, ni msuguano, nao uko upande wa hasara.

Sababu yake ni fupi. Kuinua kilo moja mita moja kunagharimu juli 9.8, na kuishusha kunarudisha juli 9.8. Haijalishi ilipandia njia gani na kushukia ipi, iwe wima, kwa mzunguko au kwa kunjuo la bawaba. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uzito ukirudi ngamani, safari yote imelipa kiasi kilekile ilichodai.

Simon Stevin alilitumia jambo hili mwaka 1586 kwa namna ninayoipenda kuliko majaribio yote ya gurudumu. Alifikiria mnyororo wa mipira uliozungushiwa miteremko miwili inayokutana kileleni, mmoja mrefu mara mbili ya mwingine. Upande mrefu una mipira minne, mfupi miwili, na iliyobaki inaning'inia chini kwa ulinganifu. Je, upande wenye mipira minne utashinda? Ungeshinda, mnyororo ungezunguka bila kukoma, maana kila ukisogea unaonekana vilevile. Stevin akasema hilo haliwezekani, basi mipira minne kwenye mteremko mrefu inalingana na miwili kwenye mfupi. Akapata kanuni ya mteremko bila kupima chochote. Wengine walikuwa wakiutafuta mwendo wa daima. Yeye aliutumia kutokuwepo kwake kama rula.

Dalili: sumaku inavuta vizuri, kisha inang'ang'ania

Mwaka 1648 John Wilkins wa Uingereza aliandika kuhusu kifaa hiki na kueleza kwa nini kingekwama: sumaku juu ya mteremko inavuta gololi ya chuma, gololi inapanda, karibu na kilele inakuta tundu, inadondoka, inarudi chini kwa njia ya nyuma na kuanza upya. Magurudumu ya sumaku ya siku hizi ni mteremko huohuo uliokunjwa kuwa duara.

Angalia mahali gololi inapokwama. Ni kwenye tundu au karibu nalo. Sumaku yenye ubavu wa kuipandisha gololi hadi pale ina ubavu mkubwa zaidi ikiwa karibu, hivyo hairuhusu idondoke. Ukipunguza sumaku ili idondoke, haitapanda.

Hapo ndipo mtu huleta bamba la chuma la kuikinga sumaku kwa wakati ufaao. Kipimo: liingize bamba kwa mkono, ulichomoe. Utasikia linavutwa likiingia na linagoma kutoka. Kazi ya kulichomoa ndiyo ileile uliyodhani umeiokoa, imehamia kwenye bamba. Ukitumia sumaku ya umeme badala yake, mkondo wa kuiwasha na kuizima ndio unaolipa.

Kuna fikra kwamba sumaku ya kudumu ni kama tangi la mafuta lisiloisha. Ifananishe na kilima. Kilima nacho hakiishi, hakichoki kuvuta mawe chini, na hakuna anayetarajia kujipatia riziki kwa kupanda na kushuka kilima kilekile.

Dalili: maboya hayapandi, au maji hayadondoki

Mnyororo wa mipira myepesi unapita ndani ya tangi refu la maji. Mipira iliyomo majini inasukumwa juu, ya nje inashuka. Unasimama kabla haujaanza, na unavuja. Tatizo liko mlangoni, chini. Tuseme tangi lina kina cha mita 2 na mpira una ujazo wa lita moja. Msukumo wa maji ukiupandisha mpira hadi juu unatoa juli 19.6 (hapo tumeupuuza uzito wa mpira). Kuuingiza mpira chini dhidi ya shinikizo la mita 2 za maji kunadai juli 19.6. Ongeza kina, na namba zote mbili zitapanda pamoja kama mapacha.

Utambi unaonyonya maji hadi bakuli la juu una kasoro ya aina hiyohiyo. Mvutano unaoyapandisha maji ndani ya nyuzi ndio unaoyazuia yasidondoke mwishoni. Yatapanda, yatalowanisha ncha, yatabaki hapo.

Dalili: mota na dainamo zinalishana, zinafifia

Soma vibao vya vifaa vyako. Tuseme mota ina ufanisi wa asilimia 85 na dainamo asilimia 80. Katika kila wati 100 zinazoingia, 68 zinatoka. Zikirudishwa, zinakuwa 46, kisha 31, 21, 15. Hapo hujaunganisha taa. Ukiweka gia au kapi kubwa katikati, utabadilishana kani na kasi: kimoja kikiongezeka mara tatu kingine kinapungua mara tatu, toa kile kinacholiwa na meno ya gia.

Watu wanajua hili na bado wanadanganyika, kwa sababu wameweka betri "ya kuanzishia tu". Betri ndogo ya volti 12 na saa-ampea 7 ina takribani juli laki tatu. Kama mfumo wako unapoteza wati 5, betri hiyo itauficha upotevu kwa zaidi ya saa 16. Unalala mashine ikizunguka, unaamka inazunguka, unawapigia simu jamaa zako. Tena betri ya risasi na asidi ikipumzishwa kidogo, volti zake hupanda zenyewe bila kuchajiwa, na mwenyewe anaapa kwamba mashine imeijaza.

Kipimo: toa betri, weka kapasita kubwa. Kapasita ya farad moja (farad ni kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji) kwa volti 12 ina juli 72 pekee. Kwa upotevu wa wati 5, utajua ukweli ndani ya sekunde 15 badala ya saa 16. Sijaona kipimo kinachomaliza ubishi huu haraka na kwa gharama ndogo kuliko hiki.

Dalili: mita inasema kinachotoka kimezidi kilichoingia

Usiite waandishi wa habari. Multimita ya kawaida imetengenezwa kwa wimbi laini la umeme wa nyumbani. Koili inayokatwakatwa na swichi hutoa miiba mirefu, myembamba, na mita inaisoma vibaya, wakati mwingine kwa mara kadhaa. Halafu volti na ampea zisipopanda na kushuka pamoja, kuzizidisha hakukupi wati. Na kosa la tatu ni kupima volti bila mzigo. Volti elfu mbili zinazotoka kwenye koili zinaweza kuwa na nishati isiyotosha kupasha moto kijiko cha maji.

Joseph Newman wa Marekani alipigania hataza ya mashine yake ya koili na sumaku hadi mahakamani. Mwaka 1986 ofisi ya taifa ya viwango ya nchi hiyo iliipima, na katika kila jaribio kilichotoka kilikuwa pungufu ya kilichoingia.

Kipimo kisichohitaji mita ghali ni maji. Acha umeme unaotoka upashe moto maji ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri. Lita moja ikipanda nyuzi moja ya Selsiasi, umepata kilojuli 4.2, na hakuna umbo la wimbi linaloweza kulidanganya joto. Ni njia ya James Joule, ambaye katika miaka ya 1840 alikoroga maji kwa mapanga yaliyozungushwa na uzito unaoshuka, akaonyesha kwamba kazi na joto ni mali moja kwa sarafu mbili.

Angalizo moja: pampu ya joto inaweza kuingiza chumbani uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme, na mita iko sahihi. Uniti mbili nyingine zimechotwa nje. Ndiyo maana ulichora mstari mwanzoni.

Dalili: injini ya "kuendeshwa na maji" inameza betri

Kutenganisha gramu 18 za maji kuwa hidrojeni na oksijeni kunadai angalau kilojuli 286. Kuziunguza tena kunarudisha 286, na unachobaki nacho ni maji yaleyale. Kwa kitenganishi chenye ufanisi wa asilimia 70 utalipa 409. Kwa injini ya asilimia 30 utapata 86 kwenye shafti. Maji ni majivu ya hidrojeni. Majivu hayawaki.

Dalili: mashine ya kuchota joto la bahari haitoi kitu

Hapa nipunguze mwendo, maana hili si kosa la kijinga. Bahari ina joto jingi mno, na kanuni ya kwanza haikatazi kulitumia. Mwaka 1881 John Gamgee alilipendekezea jeshi la maji la Marekani injini ya amonia. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo maji ya kawaida ya bahari yanatosha kuigeuza mvuke wa kusukuma pistoni. Hilo linafanya kazi kweli. Kisha mvuke urudi kuwa kimiminika ili mzunguko uanze upya. Urudie wapi? Unahitaji mahali penye baridi kuliko bahari, na meli imezungukwa na bahari hiyohiyo.

Sadi Carnot aliliona hili mwaka 1824: injini ya joto hula tofauti ya halijoto, kama kinu cha maji kinavyokula tofauti ya kimo. Ziwa kubwa lililotulia halisagi unga. Ukiwa na maji ya juu ya nyuzi 25 na ya kilindini ya nyuzi 5, unaruhusiwa kugeuza si zaidi ya asilimia 7 hivi ya joto kuwa kazi, na mitambo halali ya aina hiyo ipo. Tofauti ikiwa sifuri, ruhusa ni sifuri.

James Clerk Maxwell alilitafutia upenyo mwaka 1867. Tuseme chumba kina ukuta katikati, wenye kimlango, na jini mdogo mlangoni anayeruhusu chembe za kasi zipite upande huu na za polepole upande ule. Upande mmoja utapata moto, mwingine utapoa, na injini itapata chakula bila mtu kulipa. Jini huyo aliwasumbua wanafizikia kwa miongo mingi. Jibu lililokubalika na wengi linapitia kwa Rolf Landauer, 1961: jini lazima akumbuke alichoona, kumbukumbu yake itajaa, na kuifuta kunatoa joto lisilopungua kiwango fulani. Ni dogo mno, ila linatosha kula faida yote. Ukiweka diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au kigurudumu cha meno yenye kabari badala ya jini, navyo vina joto, vinatetema, na vinafunguka upande usiotakiwa mara nyingi vilevile.

Dalili: haisimami

Hongera, sasa tafuta mlango wa nyuma. Ndege wa kioo anayeinama na kuinuka mbele ya bilauri anaendeshwa na maji yanayokauka kichwani mwake na kukipoza. Kinu kidogo cha mabawa meusi ndani ya chupa, alichokitengeneza William Crookes mwaka 1873, kinaendeshwa na mwanga. Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi, kina saa iliyotengenezwa na Arthur Beverly mwaka 1864 ambayo haitiwi ufunguo; hewa ndani ya kisanduku chake hutanuka na kusinyaa halijoto ya siku inapobadilika, na hiyo ndiyo mshahara wake. Kengele ya umeme ya Oxford inalia tangu 1840 kwa betri kavu za zamani, kwa mkondo mdogo mno. Imeishi muda mrefu kwa sababu inakula kidogo, na siku moja itanyamaza.

Kipimo: ifunike mashine, uizibie upepo na mwanga, uiweke penye halijoto isiyobadilika, usubiri. Ikisimama, umegundua inakula nini. Hivyo vyote ni vyombo vya kupendeza, na mtu aliyeunda kimojawapo kwa bahati asione haya.

"Mbona sayari hazisimami?"

Si hitilafu, ni swali, na jibu ni kwamba mwendo haukatazwi. Kinachokatazwa ni mwendo unaolipa. Mkondo ndani ya pete ya kipitishi kikuu, yaani kitu ambacho kikipozwa sana hakina ukinzani wa umeme, huzunguka miaka bila kupungua kwa kiasi cha kupimika. Jaribu kuuwashia taa uone unavyokwisha. Dunia nayo inalipa: maji kupwa na maji kujaa yanaifunga breki, siku inarefuka kidogokidogo, na Mwezi unasogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka. Mitambo ya umeme wa maji kupwa na maji kujaa inapofanya kazi, inakopa kutoka kwenye mzunguko wa Dunia. Ni benki kubwa, lakini ni benki.

Dalili: umebadilisha kila kipuri na bado

Hapa kipuri kilichobaki ni fizikia yenyewe. Fikiria mvutano wa Dunia ungekuwa dhaifu asubuhi na wenye nguvu jioni. Ungeinua mawe asubuhi kwa bei nafuu, ukayashusha jioni kwa bei ghali, na ungetajirika kila siku bila udanganyifu wowote. Mashine ya mwendo wa daima ingewezekana kwa mchoro wa mtoto. Mwaka 1918 Emmy Noether alichapisha uthibitisho wa kihisabati kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja: kanuni za asili kuwa zilezile jana na leo, na nishati kuhifadhika. Kwa hiyo gurudumu lako halipigani na beringi. Linadai kwamba asili ina bei mbili kwa bidhaa moja, na kila jaribio la makini limekuta bei moja.

Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza mwaka 1775 kwamba hakitapokea tena mapendekezo ya mashine hizi. Noether alikuwa hajazaliwa, wala nishati haikuwa imepata kanuni yake. Walikuwa wamechoka tu, na walikuwa sahihi.

Dalili: mashine ya mtu mwingine inafanya kazi, lakini hairuhusiwi kufunguliwa

Usiombe kuifungua. Iangalie ilivyochakaa. Mwaka 1812 Charles Redheffer aliwaonyesha watu wa Philadelphia, kwa kiingilio, mashine iliyodaiwa kujizungusha yenyewe na kuendesha kifaa kingine kupitia gia. Wakaguzi walipokuja waliruhusiwa kutazama dirishani tu. Ikaonekana kwamba meno ya gia yamelika upande usiofaa: kile kilichodaiwa kuendeshwa ndicho kilichokuwa kikiendesha. Fundi Isaiah Lukens akaunda ya kwake inayofanana nayo, yenye chanzo kilichofichwa, na Redheffer akahama mji.

Mwaka uliofuata alikuwa New York na mashine nyingine. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Robert Fulton, mjenzi wa meli za mvuke. Hakupima kitu. Alisikiliza. Gurudumu halikuwa likizunguka sawasawa. Lilikuwa likienda kasi, likilegea, likienda kasi tena katika kila raundi, kama kinavyokwenda kitu kinachozungushwa na mkono wa mtu kwenye mpini. Akavunja vibao vyembamba vilivyoshikilia mashine ukutani, ukatokea mkanda wa utumbo wa mnyama uliopenya ukutani kwenda ghorofani. Inasimuliwa kwamba walipoufuata hadi chumba cha juu kabisa walimkuta mzee mwenye ndevu ndefu ameketi, mkono mmoja umeshika kipande cha mkate, mwingine unazungusha mpini, hajui kwamba chini onyesho limekwisha.